Mzee Fundi Hakukosea

Peugeot 404 ya baba yangu ilikufa jioni moja ya Oktoba 2017, kwenye mpando wa kutoka Kasenyi kuja Bogoro, ikiwa imebeba wazee watatu na magunia mawili ya samaki. Nilipoulizwa ni nani aliyeiharibu, nilimtaja mtu ambaye hakuiharibu. Aliyeiharibu ni mimi. Nilikaa na neno hilo karibu miaka mitano kabla ya kulitamka kwa mdomo, na leo naliandika kwa sababu yule niliyemsingizia aliniambia, na ana haki, kwamba uongo uliosemwa mbele ya watu haufutwi chumbani.

Gari lenyewe ni la mwaka 1968. Baba alilinunua hapa Bunia mwaka 1974 kutoka kwa mfanyabiashara Mgiriki aliyekuwa akifunga duka lake. Novemba 30, 1973 Rais Mobutu alikuwa ametangaza kwamba maduka, mashamba na biashara za wageni zitakabidhiwa Wazaire, na katika miezi iliyofuata Wagiriki wengi wa huku kwetu waliuza walichoweza kuuza wakaondoka. Baba alikuwa karani wa hesabu, kijana asiye na mke bado, na fedha aliyolipa ilikuwa akiba yake yote. Mgiriki alimpa funguo, kitabu cha matengenezo kwa Kifaransa, na habari moja ambayo baba ameirudia maisha yake yote: kwamba mwaka uleule gari lake lilipotoka kiwandani, 404 nyingine ilishinda Safari Rally ya Afrika Mashariki.

Ni kweli. Nick Nowicki alishinda Safari mwaka 1963 akiwa na 404, akashinda tena mwaka 1968, na katika mashindano yote mawili magari yaliyofika mwisho yalikuwa saba tu. Katikati hapo, mwaka 1966 na 1967, mshindi alikuwa Bert Shankland, mkazi wa Tanzania, naye akiendesha 404. Watu wa rika la baba hawakuhitaji tangazo la biashara. Kwao Pejo lilikuwa gari linalopita palipowashinda wengine, kwenye tope na kwenye vumbi, na kurudi nyumbani.

Mei 2003, jeshi la Uganda lilipoondoka Bunia na mapigano yakaushika mji, tulikimbia kwa miguu hadi Komanda, kisha kwa lori hadi Beni, pamoja na maelfu ya watu. Tuliporudi, askari wa Ulaya wa Operesheni Artemis walikuwa wamekwisha kuingia mjini. Gari tulilikuta uani, tumbo lake limelala juu ya matofali. Magurudumu, betri, viti na redio vilikuwa vimekwenda. Baba alilizunguka mara moja, akalifunika turubai, na hakulitaja tena kwa muda mrefu. Kuku walitagia ndani yake miaka kumi na miwili.

Mimi ni mwalimu wa fizikia wa shule ya sekondari. Mwaka 2015 niliamua kulifufua gari la baba. Sikuwahi kutengeneza gari lolote kabla ya hilo. Nilikuwa na kile kitabu cha Mgiriki, nilikuwa na mshahara unaochelewa, na nilikuwa na imani kubwa mno katika shahada yangu.

Makosa ya mwanzo ni yale ya kila anayeanza. Nilifungua kila kitu kwa mara moja, nikatia boliti zote katika ndoo moja. Nilipiga milango rangi kabla ya kuchunguza sakafu. Kisha mchomeleaji alipokuja kukata kutu ya chini, moto wake ukababua rangi yote. Gari la aina hii halina chasi ya kujitegemea. Bodi yenyewe ndiyo inayobeba injini, abiria na barabara, kwa hiyo kutu iliyo chini ya milango si doa la sura bali ni mfupa uliooza. Hayo yalinipotezea fedha na karibu mwaka mzima. Hayakumwumiza mtu mwingine, basi nayaacha.

Mzee fundi nililetewa na baba. Alikuwa na garaji yake chini ya mparachichi katika mtaa wa Lumumba: meza ya mbao, jiwe la kunolea, na mafuta yaliyomwagika miaka mingi hadi ardhi ikawa ngumu kama saruji. Ufundi aliupata akiwa kijana katika karakana za Kilo-Moto kule Bambu, kwenye yale machimbo ya dhahabu yaliyoanza kazi mwaka 1905, ambako mashine ikivunjika hakukuwa na duka la kukimbilia na kipuri kilichongwa palepale. Shule aliiacha darasa la tano. Mimi aliniita Prof, kama wanavyoitwa walimu wa sekondari hapa kwetu, na mimi nilimwita Papa.

Nataka msomaji ajue jinsi alivyofanya kazi, ili aelewe kwamba sikuwa na udhuru wa kutomwamini.

Injini ya 404 ina silinda nne, sentimita za ujazo 1,618, nayo imeinamishwa upande badala ya kusimama wima. Silinda zake hazikuchimbwa katika chuma cha injini chenyewe. Ni mabomba yanayochomolewa, mafundi wetu huyaita shemizi, yametumbukizwa yakizungukwa na maji, na kinachoyakandamiza mahali pake ni kile kichwa cha injini kilicho juu. Siku tulipoondoa kichwa, nilichukua spana ili nizungushe krenki nione pistoni zikipanda. Mzee alinishika kifundo cha mkono. Hakusema kitu. Alikwenda kwenye sanduku lake, akaleta vipande vinne vya bomba na washa pana, akazikandamiza zile shemizi kwa boliti za kichwa, moja baada ya moja, kisha akaniachia mkono. "Sasa zungusha." Akanieleza kwamba pistoni ikipanda huku shemizi haijashikwa, huinyanyua nayo, jointi nyembamba iliyo chini yake hukatika, na maji huanza kudondokea kwenye mafuta. Utafunga injini, utaisikia ikiunguruma vizuri, na utajua kosa lako baada ya wiki mbili, mafuta yatakapogeuka rangi ya chai ya maziwa.

Usiku ule nilikifungua kitabu. Yalikuwamo yote, kwa Kifaransa, karibu kwa mpangilio uleule aliousema. Mtu huyo hakuwa amekisoma kitabu kile. Ningelikuwa na akili, tangu usiku ule ningelikuwa mwanafunzi wake.

Kisha tukafika kwenye difu, ambayo sisi wa Bunia tunaiita ponti.

Katika magari mengi difu huwa na gia mbili za chuma zinazokutana. Ile ya 404 ni ya namna nyingine. Mhimili unaotoka kwenye gia umefungiwa ndani ya bomba, na mwishoni mwake kuna chuma kilichochongwa kama skrubu. Skrubu hiyo ndiyo inayozungusha gurudumu la shaba nyeusi lenye meno. Ukimya wake barabarani ni wa ajabu. Hiyo ni sababu mojawapo ya Peugeot kuushikilia mtindo huo miaka mingi. Lakini skrubu na gurudumu lake hugusana kwa kuteleza, wala hazibingiriki. Panapo kuteleza pana joto, na panapo joto hilo mafuta ya kawaida hukimbia na kuacha chuma kikavu juu ya shaba. Kwa sababu hiyo kiwanda kiliagiza mafuta yenye asili ya mbarika, yale mazito yanayong'ang'ania. Mbarika huota hapa kwetu bila kupandwa. Watoto huchezea mbegu zake na mama zao huwakemea. Hata jina la Castrol limetokana na mafuta ya mmea huo.

Kuna jambo la pili, na hili ndilo lililoiua ponti yetu. Mafuta ya difu za kisasa huongezwa salfa na fosforasi ili yastahimili mkandamizo mkubwa wa chuma kwa chuma. Kwa chuma ni dawa. Kwa shaba na jamii yake, hasa kukiwa na joto, ni sumu: hula uso wa gurudumu polepole. Tena mafuta ya mbarika hayapatani na mafuta ya mashine yanayotokana na petroli; ukiyachanganya huwa kama gundi.

Mzee hakutaja fosforasi. Alisema hivi: "Prof, mashine ina mwiko wake kama mtu. Hii ponti haili mafuta ya Toyota. Ikiyala itakufa polepole, na wewe utadhani imepona." Tukakubaliana kwamba nitaagiza mafuta ya mbarika kupitia mchuuzi mmoja anayekwenda Kampala. Mzee akachana kipande cha kitambaa chekundu, akakifunga kwenye kizibo cha kujazia. "Ukikiona kitambaa hiki, ujue bado. Usiliwashe wala usilisukume."

Hiyo ilikuwa Agosti 2017. Dada yangu mdogo alikuwa anaolewa Jumamosi, na mimi nilikuwa nimekwisha kuwaambia watu wote kwamba bibi harusi atapandishwa 404 ya baba. Jumatano mchuuzi akapiga simu kutoka Mahagi: mafuta hayakupatikana, labda safari ijayo.

Usiku wa Jumatano hiyo nilitoka na tochi, nikalala chini ya gari, nikafungua kile kitambaa chekundu nikakitia mfukoni. Nilikuwa na chupa mbili za mafuta ya gia niliyoyanunua sokoni mchana, yale ya kawaida wanayotia madereva wote wa Toyota. Kizibo cha kumwagia kilikuwa kimekwama, kwa hiyo sikuyatoa hata mabaki ya zamani. Nikamimina juu yake. Harufu ya salfa ilinipanda puani mara moja, kali, kama ya kiberiti kibichi, na nakumbuka nilisita. Nikajiambia kwamba mnato ni mnato, kwamba namba kwenye chupa inalingana vya kutosha, kwamba nimefundisha sura ya msuguano miaka kumi na mmoja na mzee huyu hajui hata kuuandika huo msuguano. Nikafunga kizibo.

Asubuhi mzee alikuja kukagua mara ya mwisho. Akainama, akaona kitambaa hakipo.

"Mafuta yamefika?"

"Yamefika jana usiku."

"Yale ya mbarika?"

"Ndiyo, Papa."

Akatabasamu, akapigapiga boneti kwa kiganja. Huo ulikuwa uongo wangu wa kwanza, na niliusema nikimtazama usoni.

Jumamosi ilikuwa siku nzuri, na siwezi kuikana furaha yake. Tulipita Boulevard de la Libération polepole, utepe mweupe kwenye boneti, watu wakitoka madukani. Magari mengi ya Bunia siku hizi huja kwa njia ya Mombasa na Kampala, usukani kulia, na sisi tunaendesha upande wa kulia wa barabara, hata dereva akitaka kulipita lori humwomba abiria amchungulie mbele. 404 yetu ina usukani kushoto, mahali pake. Baba alikaa mbele pamoja nami, na wazee wa rika lake waliosimama kando ya barabara walivua kofia. Mzee fundi alikuwa mlangoni mwa kanisa, amevaa koti. Ponti ilikuwa kimya kabisa.

Ukimya huo ulinipa kiburi. Jumatatu, katika chumba cha walimu, niliwaambia wenzangu kwamba wazee wetu wana ushirikina hata katika mafuta ya gari, na nikasimulia habari ya kitambaa chekundu kama kichekesho. Walicheka. Kati ya yote ninayoyaungama hapa, kicheko kile ndicho kinachonirudia usiku.

Kuanzia Septemba sauti ikaanza. Ilikuwa kama mtu anayevuta pumzi ndefu, nikiondoa mguu kwenye mafuta nikiwa kwenye mwendo wa kilomita 40 kwa saa. Wiki ya pili ikawa mluzi. Nilijua sauti ile inatoka wapi. Nikawa nazungumza kwa nguvu kila nikiwa na baba ndani ya gari, ili asiisikie. Sikwenda kwa mzee. Ningekwenda angefungua, na angefungua angejua.

Oktoba tukaitwa Kasenyi, ufukweni mwa Ziwa Albert, kwa kikao cha ukoo. Baba, na kaka zake wawili. Ziwa hilo liko kwenye mita zipatazo 620 juu ya usawa wa bahari, na Bunia iko kwenye mita zipatazo 1,275. Kwa hiyo kwenda ni kuteremka ukuta wa bonde, na kurudi ni kuupanda. Tulishuka salama. Kikao kilichelewa, wazee wakapewa samaki wa kupeleka nyumbani, na tulipoanza kurudi jua lilikuwa limeinama. Gari zito, mpando mrefu, gia ya pili muda wote. Kama ungetaka kubuni njia ya kulimaliza gurudumu la shaba lililokwisha kulika, usingepata njia bora kuliko hiyo. Mluzi ukawa mkwaruzo, mkwaruzo ukawa mtikisiko chini ya viti, kisha injini ikapanda sauti ghafla, imekuwa nyepesi, na gari likaanza kurudi nyuma.

Nilikanyaga breki. Baba mdogo alishuka akaweka jiwe nyuma ya gurudumu. Giza lilikuwa linakuja. Barabara ile wazee wangu wanaijua. Mbele yetu ilikuwa Bogoro, mahali ambapo watu waliuawa kwa wingi Februari 24, 2003, na hakuna mtu wa familia yetu anayetaka usiku umkute hapo. Baba alikuwa na miaka 70. Alikaa kwenye jiwe, mikono juu ya fimbo. Baba mkubwa ndiye aliyeuliza: "Nani alifunga ponti?"

Nikasema: "Ni yule mzee fundi."

Ni maneno manne. Kila neno lilikuwa kweli, kwa maana ponti aliifunga yeye. Niliyapanga hivyo nikijua yatasikika vipi.

Lori la Fuso lililobeba samaki lilituvuta hadi Bunia, tukafika usiku wa manane. Jumatatu baba akamwita mzee, nasi wote tukasimama uani. Mzee alimwamkia baba, akalala chini ya gari, na safari hii alikuwa na kifaa cha kukifungua kile kizibo kilichokwama. Mafuta yakatoka katika beseni. Yalikuwa meusi, yana mabonge kama ugali mbichi, na ndani yake chembe zinang'aa kwa jua. Watoto walisogea kutazama. Kwa sisi watu wa Ituri kinachong'aa hivyo ndani ya beseni kina jina moja tu, na mmoja wao akalitaja: dhahabu. Ilikuwa shaba ya gurudumu letu.

Mzee alichovya kidole, akakisugua kwa dole gumba. Kisha akakipeleka puani. Alikaa hivyo kwa muda.

"Prof, mafuta uliyotia ni yapi?"

Baba alikuwa amesimama hatua mbili kutoka kwangu. Nikasema: "Ni yale uliyoniambia, Papa."

Alinitazama. Nilidhani atasema. Alipangusa kidole kwenye suruali yake, akakusanya spana zake moja moja akizihesabu, akamwambia baba, "Mzee mwenzangu, pole sana kwa safari," akaondoka. Baba alichukua ukimya ule kuwa ni kukiri. Mimi nilimwacha auchukue hivyo.

Baba yangu ni mtu ambaye neno lake linaaminika. Hakumtukana mzee mahali popote. Alisema tu, kanisani, dukani, kwa wenye malori aliowafanyia hesabu zao miaka mingi, kwamba umri umemzidi fundi yule, kwamba alitaka kutuulia barabarani. Wenye malori wawili wakahamisha magari yao kabla ya Krismasi. Kijana aliyekuwa akijifunza kazi kwake akaondolewa na wazazi. Mwaka mpya ulimkuta mzee akiziba mipira ya pikipiki.

Desemba 2017 machafuko yakaanza tena katika wilaya ya Djugu. Mwanzoni mwa 2018 wakimbizi wa ndani walijaa Bunia. Jirani na hospitali kuu kukawa na mji mzima wa mahema. Nikapata kisingizio. Nani angezungumzia mafuta ya gari wakati huo? Nilijiambia hivyo mwaka 2018. Mwaka 2020 mipaka ilipofungwa kwa ajili ya korona nilijiambia vilevile, na Mei 2021, serikali ilipotangaza hali ya dharura ya kijeshi katika Ituri na Kivu Kaskazini, nikajiambia tena. Lakini vita havikunizuia kwenda Lumumba, mwendo wa dakika ishirini kwa miguu. Nilikuwa nabadili njia ili nisipite penye mparachichi. Tulipokutana sokoni, mzee ndiye aliyekuwa akitangulia kunisalimu.

Juni 2022 mjukuu wake alikuja shuleni wakati wa mapumziko. Alikuwa ametumwa. "Babu anasema kuna 404 imekufa kule Ariwara, mwenyewe anaitumia kufugia kuku. Ponti yake ni nzima, babu amemtuma dereva akaitazama. Anataka dola 150. Babu anasema usichelewe, watu wa vyuma chakavu wanapita."

Mtu niliyemwondolea kazi alikuwa, kwa miaka yote hiyo, anawauliza madereva wa njia ya Aru juu ya gari la baba yangu.

Sikuweza kufundisha kipindi kilichofuata. Nilikwenda nyumbani, nikatoa kitambaa chekundu katika droo nilimokificha, nikaenda Lumumba. Alikuwa amekaa kwenye mpira wa lori. Nilikiweka kile kitambaa juu ya meza yake nikamweleza yote: chupa za sokoni, usiku wa Jumatano, uongo wa asubuhi, uongo wa mpandoni, uongo wa uani. Nililia, naye akaniacha nilie.

Baada ya kukaa kimya kwa muda, mzee akasema: "Nilijua siku ile. Harufu ya salfa haifichiki."

Nikamuuliza kwa nini hakusema mbele ya baba.

"Ningesema mimi, ingekuwa fundi anabishana na Prof. Wangemwamini nani?" Akakikunja kitambaa mara mbili. "Mimi nimekusamehe tangu zamani, ningekuchukia ningekufa mapema. Lakini hilo neno ulilisema mbele ya watu. Kalisemee mbele ya watu."

Jumapili niliwaita baba na kaka zake, na dada yangu na mumewe, nikasema mbele yao. Baba hakunijibu. Alivaa koti lake, akachukua fimbo, akatoka peke yake kwenda Lumumba, na akarudi baada ya giza kuingia. Sikumuuliza walizungumza nini. Wiki tatu hakunisemesha. Katika chumba cha walimu pia nilisema, kwa wale walionisikia nikicheka mwaka 2017. Wawili walikuwa wamekwisha kuhama, nikawapigia simu.

Ponti ya Ariwara ilifika juu ya lori la mihogo. Binamu yangu aliyeko Ubelgiji alituma mafuta ya mbarika yanayotengenezwa kwa ajili ya Peugeot za zamani; gari lenyewe halihitaji hata lita mbili. Mzee aliyamimina mwenyewe, na mimi nikamshikia tochi. Gari linatembea. Baba hulipanda Jumapili, na ponti haisikiki.

Wale wenye malori wawili hawajarudi kwa mzee. Nilimwendea mmoja wao nikamweleza; alisema ameelewa, lakini sasa ana fundi mwingine. Wa pili amehamia Mahagi. Kijana wa kujifunza kazi anaendesha pikipiki ya abiria. Siwezi kuyarudisha hayo kwa mikono yangu, ndiyo maana nawaomba ninyi mnaosoma.

Mzee yuko bado mtaa wa Lumumba, chini ya mparachichi, kila siku isipokuwa Jumapili. Anasikia injini vizuri kuliko yeyote ninayemjua, na mikono yake haitetemeki. Kama ulimwacha mwaka 2017 kwa sababu ya maneno yaliyotoka nyumbani kwetu, maneno yale yalikuwa uongo wangu. Mpelekee gari lako.